Salaam ya Hamali wa Chuma

Mimi ndiye niliyejibu ile salaam. Nalisema mapema, maana mtaani kwetu Mji wa Kale wapo watu mpaka leo wanaoapa kwamba mwaka wa tisini na sita, katika ukumbi mmoja pale Makadara, mkono wa chuma uliitikia salaam kwa matamshi safi kuliko watoto wa madrasa. Matamshi yalikuwa yangu. Chuma kilikuwa cha Mwalimu Nicanor.

Huyu Mwalimu Nicanor Mung'aro alifundisha umeme katika chuo cha ufundi hapa kisiwani. Mtu mrefu, mpole, shati amelichomeka hadi unauonea huruma mkanda. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, kwa matokeo ya mtu aliyekaa karibu na dirisha, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuchekesha watu. Siku moja alinikuta nikimpigia debe muuza viazi karai, bure, kwa raha zangu tu, nikiwaambia wapita njia kwamba viazi vile vimeposwa na mtu wa Lamu na leo ndiyo siku yao ya mwisho kuonekana hadharani. Akasimama akasikiliza mpaka mwisho.

"Kijana, waweza kuita watu waje?"

"Hata wasiotaka, Mwalimu."

"Hao ndio ninaowataka."

Alikuwa na mashine aliyoifanyia utafiti miaka mitatu. Mkono wa chuma, kimo chake kama mtoto wa chekechea, umeundwa kwa mota za waipa za magari, minyororo ya baiskeli, na nyaya nyingi kuliko nywele za shangazi yangu. Kompyuta ndiyo iliyoutuma: nyanyuka, geuka, shika, weka. Ulichoweza kunyanyua ni kikombe kimoja cha kahawa chungu, kile kidogo kisicho na mkono, tena kitupu. Wanafunzi wake waliubatiza jina Hamali. Mwalimu alitaka watu wauone sasa, ungali mdogo, waseme wao wenyewe roboti za namna hii zifanye nini na zisifanye nini.

"Zikishakuwa kubwa," aliniambia, "hakuna atakayewauliza."

Akachapisha karatasi yenye maswali matatu. Ungependa mashine kama hii ifanye kazi gani? Kazi gani isifanye kamwe? Na nani aulizwe kabla haijaletwa? Maonyesho yangekuwa siku tatu, Alhamisi mpaka Jumamosi. Mimi asubuhi nizunguke mitaani nikiita watu, halafu nijifiche nyuma ya ubao wa plaiwudi na kisanduku cha vitufe, ili kompyuta ikiganda, nayo iliganda kila baada ya dakika kumi, niuendeshe mkono kwa vidole vyangu. Nikawekewa na kipaza sauti, cha kuwaonya watu wasiguse nyaya. Spika ilikuwa chini ya meza ya Hamali, imefunikwa kitambaa. Ujira wangu ungekuwa nafasi darasani kwa Mwalimu mwezi wa Januari.

Alhamisi asubuhi walikuja watu kumi na mmoja. Wawili walikuwa wakitafuta choo. Waliutazama mkono ukinyanyua kikombe, wakautazama ukikiweka, wakatazamana wao kwa wao. Mzee mmoja akauliza kahawa yenyewe iko wapi. Joy, mwanafunzi wa Mwalimu aliyekaa mlangoni na zile karatasi za maswali, aligawa moja tu, na aliyeichukua alikuwa muuza karanga.

Ndipo akaingia bibi yangu.

Bi Mwanakuu ndiye aliyenilea. Akiingia mahali hutoa salaam, awepo mtu asiwepo, na isipoitikiwa, aliyenyamaza atajuta. Kofi la bibi yangu halikuwa na breki. Kule nyuma ya ubao sikumwona, nilimsikia tu:

"Asalaam alaykum!"

Hapakuwa na kufikiri. Kidole kilikuwa juu ya swichi ya kipaza sauti, na mdomo ukafanya ulichofunzwa tangu nikiwa na meno mawili.

"Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh!"

Sauti ilitoka chini ya Hamali, nzito, imekwaruzika kama iliyo ndani ya debe. Nami kwa kushtuka nikagusa kitufe, mkono wa chuma ukanyanyuka juu taratibu, kama mtu mwenye adabu zake.

Mtu mmoja akasema, "Laa ilaha illallah," na viatu vikaanza kukimbia, nusu vikitoka, nusu vikiingia.

Kufikia alasiri watu walikuwa wamefurika hadi barabarani. Kila mmoja ataka kusalimia, na akishasalimia ataka na mazungumzo. Hamali akaulizwa kama hufunga Ramadhani. "Mimi nafunga mwaka mzima," nikajibu, "hamnioni nilivyokonda?" Mama mmoja akauliza kama aweza kukuna nazi. "Naweza, ila mama mkwe atoke kwanza jikoni." Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Wallahi sijawahi kuwa na watu wengi hivyo mbele ya mdomo wangu.

Mwalimu alikuja nyuma ya ubao, jasho likimtiririka.

"Huzaifa, hili si sawa. Mashine hii haisemi."

"Ninyamaze, Mwalimu?"

Akachungulia kwenye tundu la ubao. Joy alikuwa amezungukwa, anagawa karatasi kwa mikono miwili. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Angalau wanakuja," akasema, na akatoka. Hakusema niendelee, hakusema niache.

Karibu na magharibi likaingia genge la makuli wa Kilindini, wametoka zamu, vumbi la saruji hadi kwenye nyusi. Mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Wewe Hamali! Waja kutunyang'anya kazi bandarini?"

"Kazi ya magunia?" nikasema. "Naja Januari! Niwekeeni uji wangu, na nyinyi tafuteni baraza ya kukalia!"

Kicheko kilichotoka hapo nusura king'oe mabati. Nikajiona sultani. Sikujua kwamba katika lile genge alikuwamo mmoja ambaye hakucheka.

Huyo mmoja nilikula naye jioni ile ile. Taib, mume wa dada yangu Lamis, alikuwa serehangi, yaani kiongozi wa genge la kupakua meli. Miaka kumi na tisa amesimama kwenye mdomo wa tumbo la meli akizungumza kwa vidole viwili na mtu wa winchi aliye juu, na hakuna gunia lililowahi kumwangukia mtu mbele yake. Kampuni aliyoifanyia kazi ilikuwa imegawa fomu: anayetaka kuondoka kwa hiari aipeleke ofisini kabla ya Jumamosi saa sita mchana, apewe kiinua mgongo chake. Akishaipeleka, harudi tena. Nyumba nzima ilijua kwamba Taib hataki. Wiki mbili fomu ile ilikuwa juu ya kabati, imekaliwa na bakuli la malimau.

Usiku ule ilikuwa mezani, na kalamu pembeni.

"Nimeamua," Taib akasema. "Najiandika. Mashine yenyewe imesema yaja Januari."

Nikauweka chini mkate wa mofa. "Mashine gani?"

"Ile ya Makadara. Nilikuwapo. Imeulizwa mbele ya watu, ikajibu."

"Shemeji, ile yanyanyua kikombe tu. Tena kitupu!"

"Leo. Na kusema imejifunza lini? Wiki iliyopita uliwahi kusikia chuma kikisema?" Akaigeuza fomu upande wa pili, kisha akaigeuza tena. "Meneja ana upande wake. Chama kina upande wake. Ile haina ndugu, haina tumbo. Inidanganye ipate nini?"

Lamis alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi, hakuweka chini. "Mwambie, Huzaifa," akasema. "Wewe si wafanya kazi huko huko? Mwambie hajui kazi nyingine huyu. Akikaa nyumbani wiki moja atanipangia vijiko kwa ukubwa."

Mimi, mwenye mdomo, nikanywa maji.

Ijumaa niliamka nimeshapata dawa. Kilichosemwa na Hamali, Hamali atakitengua. Baada ya sala ya Ijumaa ukumbi ulipojaa, nikamwona Taib kupitia tundu, amesimama kati, mikono nyuma. Nikawasha kipaza sauti.

"Ndugu zangu, jana nilitania. Siji Januari. Gunia siliwezi. Hata hiki kikombe kikitiwa kahawa chanishinda."

Watu wakacheka, wakadhani ni mzaha mwingine. Taib hakucheka. Jioni nilimkuta barazani kwake, akanipokea kwa maneno haya: "Umesikia? Wamemfunga mdomo. Jana alisema kweli, wenyewe wakaona ameharibu, leo wamemfunza la kusema. Hukuisikia sauti yake? Ilikuwa yaogopa."

Ilikuwa yaogopa kweli, maana ilikuwa yangu.

"Shemeji," nikasema, "ile sauti ni mimi."

Kwa mara ya kwanza kwa siku mbili Taib akacheka. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Wewe! Wewe uliyesema meli imeshusha ndovu gatini, watu wakaja na watoto wao!"

"Wallahi ni mimi. Niko nyuma ya ubao."

"Usiape, Huzaifa. Utaungua ubakie masikio." Akanipiga begani kwa huruma, kama nimemtania ili kumpoza moyo, akaingia ndani. Fomu ilikuwa imeshaandikwa jina. Kulikuwa kumebaki sahihi tu.

Nikakimbilia kwa bibi. Nilimkuta jikoni akichambua mchele, na kabla sijafungua kinywa akasema bila kuinua uso:

"Mimi nimekulea. Sauti yako naijua hata ukiingia ndani ya debe."

"Bibi! Na mbona hukusema?"

"Ulikuwa wachekesha watu. Nikasema, mwache, kijana apata riziki yake." Akatupa jiwe dogo la mchele dirishani. "Lakini salaam yangu nimeitoa kwa nani, Huzaifa? Nimemwombea amani nani, wewe au hicho chuma? Nimeswali nalo hilo, sijapata jibu."

"Bibi, mwambie Taib. Wewe atakuamini."

"Mimi? Sikukusafishia hata ulipokuwa mdogo ukachafua msala wa babu yako. Uliyasema mbele za watu, kayaseme mbele za watu."

"Nikisema, Mwalimu ataharibikiwa. Kesho wanakuja wakubwa wa chuo kuamua kama aendelee na utafiti wake. Na mimi nafasi yangu imekwenda."

"Haya," akasema, "basi na Taib aende." Akaendelea na mchele wake.

Jumamosi nilikuwa nyuma ya ubao tangu saa mbili. Sikutulia. Niliketi, nikasimama, nikahesabu misumari ya ubao, nikainama kufunga kamba za viatu, nikakumbuka nimevaa malapa. Wageni watatu wa chuo walikuwa kwenye viti vya mbele, mmoja na daftari. Mwalimu alikuwa amevaa tai na alikuwa akiishika shika kama inayomnyonga. Joy alinipitishia soda, nikaishika mpaka ikapoteza ubaridi. Akanisomea na baadhi ya majibu ya jana: "Kazi gani ifanye? Ipange foleni ya maji. Kazi gani isifanye? Isioe. Nani aulizwe? Yeye mwenyewe Hamali." Karatasi kama mia mbili, na zote zilikuwa hivyo. Hakuna aliyejibu kwa dhati. Wote walikuwa wakinitania mimi, hawajui kama ni mimi.

Saa tano na nusu akaingia Taib na makuli wanne wa genge lake. Fomu ilikuwa mfukoni mwa shati, ncha yaonekana. Hakuja kutazama, alikuwa njiani kwenda Kilindini. Watu wakampisha. Akasimama mbele ya Hamali, akavua kofia yake ya kazi.

"Asalaam alaykum."

Kidole changu kilikuwa juu ya swichi. Nikakitoa.

"Asalaam alaykum," akarudia, na ukumbi wote ukawa unasikiliza. "Nina swali moja tu, kisha nende zangu. Juzi ulisema waja, jana ukasema huji. Leo niambie kweli. Nitie sahihi, nisitie?"

Nilimwona Mwalimu akigeukia ubao. Akatikisa kichwa, kidogo sana. Mpaka leo sijui alikuwa akinikataza kujibu au akinikataza kutoka.

Ningependa kuwaambia kwamba nilitoka kwa ushujaa. Nilitoka kwa sababu salaam ilikuwa imetolewa mara mbili na hakuna aliyeiitikia, na mwili wangu haukuweza kuvumilia.

Nilitoka nimeshika kipaza sauti. Waya ulikuwa mfupi, ukavuta kisanduku cha vitufe, Hamali akanyanyuka ghafla akakiangusha kikombe kikavunjika.

"Waalaykum salaam, shemeji," nikasema, na chini ya meza ile sauti ya debe ikasema hivyo hivyo, kwa wakati mmoja.

Mtu akauliza, "Huyu si mjukuu wa Bi Mwanakuu?" Na hapo ukumbi ukapasuka. "Nirudishieni salaam zangu! Nimemsalimia mara nne huyu!" "Na mimi niliyemwambia siri za mume wangu!" Muuza karanga alikuwa anacheka peke yake. Mgeni mwenye daftari akalifunga. Joy akajifunika uso kwa karatasi mia mbili.

Taib hakupiga kelele. Akainama, akainua kitambaa cha meza, akaitazama spika. Akasimama. Nikafumba macho nikingoja kofi.

"Ile Januari?"

"Ni mimi. Ulikuwa mzaha."

"Siku mbili silali kwa mzaha wako."

"Ndiyo, shemeji."

"Tutaonana nyumbani." Akaniacha pale kama mtu anavyouweka kando mwiko wa kupikia, akamgeukia Mwalimu. "Wewe ndiye uliyeitengeneza?"

"Ni mimi," Mwalimu akasema. Akawatazama wale wageni watatu, akakohoa. "Na huyu kijana nilimwacha aendelee, nami najua. Niliona watu wanakuja, nikafurahi. Kosa hilo msimtwishe yeye."

"Makosa mtagawana baadaye. Swali langu liko pale pale. Hii kitu yaja lini?"

"Hii? Hii haitakuja. Umeona yenyewe, kikombe tu, na sasa hata kikombe hatuna." Hakuna aliyecheka. "Lakini katika nchi nyingine ziko kubwa zaidi, zanyanyua makontena. Moja yaweza kuletwa hapa mwakani. Yaweza kukawia miaka ishirini. Sijui."

"Ungekuwa mimi ungetia sahihi?"

"Mimi sijawahi kufanya kazi yako."

"Ndiyo maana nakuuliza."

Mwalimu akaishika tai yake, akailegeza. "Sijui," akasema tena.

Taib akavuta pumzi. "Hilo lingenitosha tangu Alhamisi," akasema. Kisha, kwa ukali: "Na wewe wapewa pesa za kuitengeneza, na nani? Na hao wakiitaka kubwa, utawajengea? Na ikimwangukia mtu, ashikwe nani, wewe au chuma? Mimi nikinyoosha vidole vibaya mtu akafa, nashikwa mimi."

"Hayo ndiyo niliyotaka kuulizwa," Mwalimu akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Yako kwenye karatasi. Swali la tatu, nani aulizwe kabla haijaletwa."

"Karatasi gani?"

Ilibainika kwamba katika watu wote wale waliojaza zile karatasi, makuli hawakupewa hata moja. Waliingia juzi jioni zikiwa zimekwisha. Joy akawagawia zilizochapishwa upya jana. Makuli wakaanza kusogeza viti bila kuambiwa. Yule mgeni akalifungua daftari lake tena, polepole, kama asiyetaka kuonekana. Taib akaketi mstari wa mbele, kofia juu ya goti, na maswali yakaanza kumvamia Mwalimu kutoka pande zote, naye akijibu moja, akikiri mawili hayajui. Mmoja alimwambia wazi kwamba angeivunja kwa nyundo usiku huu huu. Mwalimu akamwuliza kwa nini, akaandika jibu.

Saa ya ukutani ilikuwa juu ya mlango. Saa sita kasoro robo. Mpaka Kilindini, ukipata gari hapo nje, ni dakika kumi. Ncha ya fomu bado yaonekana mfukoni mwa Taib. Nikaangalia saa, nikaangalia mfuko. Moyo wangu wote ulikuwa ukimwomba asahau. Aulize lingine, abishane, muda upite, Lamis apate kulala. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na kunyamaza hakumgharimu mtu kitu.

Kasoro dakika kumi na mbili. Nikamsogelea, nikainama sikioni kwake.

"Shemeji, saa. Ukitaka kuwahi ofisini, ni sasa."

Hakugeuka.

"Naiona. Nna macho."

Nikabaki nimeinama vile vile, sijui nisimame au nikae. Badala ya kuinuka, akanisukumia ile karatasi ya maswali kifuani.

"Mwandiko wa huyu msichana wanishinda," akasema. Mwandiko wenyewe ulikuwa umepigwa chapa. "Wewe mwenye mdomo, tusomee swali la kwanza, wote wasikie. Na hicho kipaza sauti kiweke chini."

Nikakiweka chini. Nikasoma. Sauti yangu ilitoka nyembamba, na kule nyuma mtu akapiga kelele kwamba hasikii.